Mchungaji wa Kwanza Hakuanzisha Kanisa Lenu

Simu huja wiki sita kabla ya jubilii, mapema haiji. Anayepiga ni karani wa sesheni (baraza la wazee wa kanisa), au mwalimu mstaafu aliyetwikwa uenyekiti wa kamati kwa sababu ana mwandiko mzuri. Tukishajuliana hali huniambia, "Historia tunayo tayari, kilichobaki ni kuipanga tu." Nikiuliza wana nini hasa, nasomewa orodha: mchungaji fulani, mwaka huu hadi mwaka ule, akafuata fulani, akafuata fulani. Wachungaji 14, picha 11, na juu kabisa mzungu mwenye ndevu ambaye hakuna anayelijua jina lake lote. Kisha swali: "Kijitabu kitakuwa tayari Jumapili ya kwanza ya mwezi?"

Kazi yangu ni kumbukumbu za makanisa. Kwa miaka mingi nimepekua madaftari ya makanisa ya mashambani ya PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, toka Kiambu hadi miteremko ya Mlima Kenya upande wa Chogoria. Mwezi uliopita nililetewa orodha ya namna hiyo mara 4, na ya nne ndiyo iliyonikalisha chini niandike haya: dai moja moja ninalolisikia, na jibu langu.

"Kanisa letu lilianza mchungaji wa kwanza alipokuja"

Halikuanza hivyo. Ningeruhusiwa ningeliandika neno hilo kwa rangi kwenye mlango wa kila ofisi ya parokia.

Tufanye hesabu ya darasa la tatu. Wamisionari wa Kiskoti walihamia Thogoto mwaka 1898. Waafrika wa kwanza kuwekewa mikono kuwa wachungaji wa misheni hiyo, yaani Musa Gitau, Benjamin Githieya na Joshua Matenjwa, waliwekewa mwaka 1926. Katikati hapo pana miaka 28. Kama kanisa huzaliwa siku mchungaji anapoletwa, basi kwa miaka hiyo 28 hapakuwa na kanisa lolote kijijini. Sasa Agano Jipya la Kikuyu, lililotoka mwaka huo huo wa 1926, lilichapwa lisomwe na nani? Ng'ombe?

Lilisomwa na watu waliokuwa wameshajifunza kusoma kwenye shule za tawi, na hizo shule za tawi ndizo makanisa yenu. Mambo yalikwenda hivi. Kijana aliyekaa kwenye kituo cha misheni cha Thogoto au Tumutumu miaka miwili mitatu alirudi kwao, au alitumwa kwenye kijiji kisicho chake, akawaendea wazee wa mbari (ukoo) kuomba kipande cha ardhi. Wengine walimpa kwa kupenda, wengine kwa kutaka mtoto mmoja wa ukoo ajue kusoma barua za serikali, wengine walimpa kipande kibaya kabisa wakitumaini atachoka aondoke. Akajenga kibanda cha udongo na nyasi. Jumatatu hadi Ijumaa kibanda ni shule. Jumapili ni kanisa. Mwalimu ndiye huyo huyo, benchi ni hizo hizo, na mara nyingi wimbo ni ule ule.

Baadaye wakapatikana wanafunzi wa ubatizo. Hawakubatizwa wiki iliyofuata. Walifundishwa muda mrefu, wakapimwa, wengine wakarudishwa nyuma. Mmisionari alipopita, na kupita kwenyewe kulikuwa kwa nadra, ndipo akabatiza waliokuwa tayari, akaandika majina, akapanda pikipiki yake au farasi wake akaenda zake. Aliyebaki ni yule mwalimu. Watu walipoongezeka wakachaguliwa wazee wa kanisa, na wazee walipowekwa ndipo kukawa na sesheni, na penye sesheni pana ushirika wa Kipresbiteri uliokamilika. Mchungaji wa kukaa pale anaweza kuja miaka 10 baadaye, au 30, au asije kabisa, kwa sababu mchungaji mmoja ana parokia, na parokia ina makanisa kadhaa.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa kuwa ndilo lenye ugomvi. Kwa utaratibu wa Kipresbiteri mchungaji si wa kanisa lenu. Ni wa presbiteri, yaani baraza linalosimamia parokia kadhaa. Presbiteri humweka, presbiteri humhamisha, na akikosea huhojiwa na presbiteri, si na kamati yenu ya maendeleo. Wazee ndio wenyeji. Wanatoka katikati yenu na wanazikwa katikati yenu. Ukiandika historia ya kanisa kwa kufuata wachungaji, umeandika historia ya wageni waliolala nyumbani ukasahau kutaja familia. Nimewahi kuona vijitabu vitatu vya makanisa jirani, kila kimoja kikidai mchungaji yule yule alikuwa "wetu" kwa miaka ile ile. Vyote vilikuwa sahihi, na vyote vilikuwa havina maana, maana wakati huo yale makanisa matatu yalikuwa parokia moja na mtu huyo alikuwa akizunguka kwa baiskeli.

Kuna parokia moja, jina lake nitalihifadhi, iliyoniita kusaidia kijitabu cha miaka 50. Niliomba rejista ya ubatizo kabla ya kitu kingine chochote. Ukurasa wa kwanza tu ulikuwa na watoto waliobatizwa hapo hapo, mahali pametajwa wazi, zaidi ya miaka 20 kabla ya huo mwaka waliokuwa wakiuita wa mwanzo. Nikamwonyesha mwenyekiti. Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akasema, "Mabango yameshachapishwa." Jubilii ikafanyika. Keki ikakatwa. Kanisa likapunguzwa umri kama mtu anayetafuta kazi jeshini.

Mkitaka ushahidi ulio wazi zaidi ya huo, tazameni Chogoria. Ukiuliza ilianza lini, utaambiwa 1922, Dkt. Clive Irvine alipowasili na mkewe, kwa fedha za baba mkwe wake Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi. Irvine alifanya kazi kubwa, sina neno. Lakini eneo lilikuwa limechaguliwa mwaka 1915, vita vikachelewesha wazungu, na katikati hapo waliokuwa wakifundisha na kuhubiri ni wainjilisti Waafrika waliotoka vituo vya kusini. Daktari alipofika alikuta watu wanaojua nyimbo. Tumutumu ni hadithi hiyo hiyo: kituo kinahesabiwa toka 1908, na waliotangulia kukaa pale kukishikilia ni vijana wa Thogoto. Kama vituo vikubwa vyenye hospitali vilianza hivyo, kwa nini kanisa lenu la mabati kule bondeni lingojee mchungaji?

Na sitaki nisikie habari za jiwe la msingi. Jiwe la msingi linawaambia mwaka jengo lilipojengwa na ni mgeni gani mashuhuri aliyepakwa saruji mikononi siku hiyo. Lile kanisa kubwa la Thogoto, Church of the Torch, lilifunguliwa mwaka 1933. Je, tuseme Thogoto hapakuwa na Wakristo kabla ya 1933?

Basi mkitaka mwaka wa kuanzishwa, mna miaka minne ya kuchagua: mwaka wa ibada ya kwanza, mwaka wa shule ya tawi, mwaka wa wazee wa kwanza, na mwaka mlipofanywa parokia. Chagueni mmoja, lakini mwandike ni upi. Mimi huchagua wa wazee wa kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndio wenye maandishi, na kwa kuwa hilo ndilo linalotutofautisha na makanisa yanayoongozwa na askofu. Mwenye kupenda wa shule ya tawi simpingi. Mwenye kuchagua mwaka wa mchungaji wa kwanza, namwomba asinipigie tena.

Mtaniuliza, huo mwaka wa wazee utapatikana wapi? Kwenye daftari la kumbukumbu za sesheni. Lisomeni polepole, msirukeruke. Mtakutana na mambo ya sadaka, mambo ya paa linalovuja, na kesi nyingi: pombe, mke wa pili, mahari iliyogombaniwa, mzee aliyetengwa na Meza ya Bwana miezi 6 kisha akarudishwa. Humo ndimo kanisa linamopumua. Ila msichapishe majina ya waliotengwa. Wajukuu wao wanakaa benchi la tatu.

Kwa wale mabibi wazee ambao bado mko nao, tafadhali msiwaulize "mwaka gani". Muulize bibi kama kanisa lilijengwa kabla ya njaa ya Kimotho au baada yake, na mtapata 1918 bila kuitaja. Muulize kama alibatizwa kabla ya njaa ya Mianga, na mmefika 1943. Muulize riika la mumewe, yaani rika lake la tohara. Tarehe za kalenda walifundishwa wakiwa wakubwa, njaa waliiona au walisimuliwa na mama zao. Na mpelekeeni sukari na majani ya chai, msiende mikono mitupu na simu ya kurekodi kana kwamba mnaenda kumhoji mwizi.

"Waskoti walitoka Mombasa moja kwa moja hadi Kikuyu"

Walianzia Kibwezi, Ukambani, mwaka 1891. Fedha zilitoka kwa William Mackinnon na Alexander Low Bruce, wakubwa wa kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikishika eneo hili, na aliyeongoza msafara wa kwanza ni Dkt. James Stewart wa Lovedale, Afrika Kusini. Malaria iliwamaliza. Mwaka 1898 Thomas Watson akahamishia kazi nyanda za juu, akafika Kikuyu wakati wa ile njaa kubwa ya Ruraya, watu wakifa kwa njaa na ndui. Kanisa la Scotland lenyewe lilichukua misheni mwaka 1901. Kabla ya hapo ilikuwa misheni ya watu binafsi. Kwa hiyo anayeandika kwamba "Kanisa la Scotland lilifika Thogoto 1898" amekosea nusu, na nusu hiyo ndiyo wenzangu wa kumbukumbu huniuliza.

Tukiwa hapo hapo: Thogoto si jina la kale la mahali. Ni "Scot" lililopita kwenye kinywa cha Mkikuyu likatoka limenyooka. Wala si jina la mchungaji Scott, ingawa walikuwepo wawili na vijitabu huwachanganya kuwa mtu mmoja. David Clement Scott, aliyewahi kuhudumu Blantyre, alikuja 1901, akafa Kikuyu 1907. Henry Scott, daktari, akashika nafasi yake, naye akafa 1911. Ukiona picha imeandikwa "Rev. Scott" bila jina la kwanza, usiichapishe mpaka ujue ni yupi.

"PCEA zote za zamani zilianzishwa na Waskoti"

Hapana. Kambui na Ng'enda, kule Kiambu, walikuwa Wamarekani wa Gospel Missionary Society. Ndiko mwanasiasa Harry Thuku alikosomea. Makanisa yao yalijiunga na ya Kiskoti katika miaka ya 1940. Kamati moja ya upande huo ilipoteza mwaka mzima ikiandika barua Edinburgh kutafuta mmisionari wa mwaka 1910 ambaye Edinburgh haikuwahi kumtuma.

"Wazee wetu waliuchagua Upresbiteri kwa mafundisho yake"

Napenda kuwatazama wazee wanaponiambia hivi, kwa jinsi wanavyosema kwa heshima. Ukweli ni kwamba misheni za Kiprotestanti ziligawana maeneo. Ng'ambo hii ya mto ni Waskoti, ng'ambo ile ni Waanglikana wa CMS, kule ni African Inland Mission. Babu yenu alikuwa Mpresbiteri kwa kuwa alizaliwa ng'ambo hii. Angezaliwa mtaa wa pili angevaa joho jingine, na leo mngeniambia kwamba wazee wenu waliuchagua Uanglikana kwa mafundisho yake. Mapenzi na mafundisho yalikuja baadaye, na yalikuja kweli. Lakini msiyaweke mahali pa mto.

"Walioondoka mwaka 1929 walirudi upagani"

Hapa naomba subira, kwa kuwa jambo hili bado linauma, na vijitabu hulipitia kwa sentensi moja: "Mwaka 1929 kanisa lilipata msukosuko." Msukosuko gani? Karatasi zililiwa na panya?

Mwaka huo misheni, chini ya Dkt. John Arthur, iliwataka walimu na wazee wa kanisa watangaze kwa maandishi kwamba wameachana na tohara ya wasichana na chama cha siasa cha KCA (Kikuyu Central Association) kilichoitetea. Waliotia sahihi, wengi kwa kidole gumba, wakaitwa kirore, na neno hilo likabaki kwenye ndimi kama tusi kwa miaka mingi. Wengi hawakutia. Madarasa yalibaki matupu, wazee waliondoka, na sesheni nyingine zilibaki na watu wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa waliondoka wakaenda wapi? Wakajenga shule. Wakajenga makanisa. Shule za kujitegemea za KISA na zile za Karing'a zilijengwa na watu waliokuwa wamebatizwa, waliokuwa wakijua Maandiko kuliko wengine waliobaki, wakayatumia hayo hayo Maandiko kujitetea. Waliiacha misheni, Kristo hawakumwacha. Kwamba ukeketaji ni madhara kwa mtoto wa kike, mimi sina shaka nalo, na Marion Stevenson wa Tumutumu aliliona mapema na akalisema bila kuficha. Lakini mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu jeraha na bado akakosea namna ya kuwashurutisha watu wazima kwa karatasi. Mkiandika ukurasa wa mwaka 1929, tajeni pande zote mbili. Nusu ya watakaokisoma kijitabu chenu wana babu upande mmoja na bibi upande wa pili.

Dokezo la kazi: kama daftari lenu la sesheni lina pengo kati ya 1929 na 1932 hivi, msiseme limepotea. Mara nyingi hakukuwa na watu wa kutosha kufanya kikao. Pengo lenyewe ni habari.

"Wamisionari wote walikuwa wachungaji"

Arthur alikuja 1907 akiwa daktari, akawekewa mikono 1915. Irvine alikuja kama daktari. Arthur Barlow, aliyekijua sana Kikuyu, hakuanza kama mchungaji. Andikeni vyeo vya watu vile vilivyokuwa wakati ule, si vile mnavyoona vinapendeza kwenye ukurasa.

"Wanawake waliingia uongozini juzi tu"

Wanaosema hivi humaanisha mwaka 1982, Nyambura Njoroge alipowekewa mikono kuwa mchungaji wa kwanza mwanamke wa PCEA. Mwaka huo ni mkubwa na nisingetaka upunguzwe. Lakini turudi nyuma kidogo. Thomas Watson alifariki mwishoni mwa 1900, mwaka mmoja hivi baada ya kumwoa Minnie. Angeweza kupanda meli arudi kwao Dundee, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Mpaka Clement Scott alipofika, aliyekuwa akiishika misheni ni yeye, na shule ya kwanza ya Thogoto ilikuwa mikononi mwake. Watu walimwita Bibi wa Ngambi, bibi wa kambini. Alikaa hadi 1931. Alipofariki Uskoti mwaka 1949, majivu yake yaliletwa Thogoto.

Na hao ni wazungu. Kule vijijini, nani alibeba mawe kutoka mtoni kujenga kanisa? Nani alichota maji ya kukandia udongo? Ukisoma daftari la sesheni hutawaona, kwa kuwa sesheni ilikuwa ya wanaume na karani aliandika kilichosemwa na wanaume. Ndiyo maana nawahimiza mtafute pia madaftari ya Gildi, yaani umoja wa wanawake wa kanisa. Mahesabu ya Gildi ni safi kuliko ya sesheni, tena mbali, na kama kuna fundi aliyelipwa nusu akaahidiwa nusu, humo ndimo mtamkuta.

"Kanisa lilikabidhiwa Waafrika wakati wa uhuru"

PCEA kama tunavyoijua ni ya 1956, sinodi ya Waafrika ilipoungana na presbiteri ya wazungu wa makanisa kama St Andrew's Nairobi. Charles Muhoro Kareri, mwana wa Tumutumu, akawa moderata wa kwanza Mwafrika wa Baraza Kuu mwaka 1961. Bendera ya Uingereza ilishushwa 1963. John Gatu akawa katibu mkuu wa kwanza Mwafrika mwaka 1964, na mwaka 1971 ndiye aliyewaambia Wamarekani kule Milwaukee kwamba wasitishe kwa muda kutuma wamisionari na fedha ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mnapoandika kwamba "tulipata uhuru, na kanisa nalo likapata", mnamnyang'anya Kareri miaka 2.

Moderata si askofu, kwa njia. Anaongoza mkutano, kisha muda wake unaisha na anarudi kuwa mchungaji kama wengine. Kijitabu kinachoanza na picha 5 za moderata na picha 0 za wazee wa kwanza, mimi hukifunga.

"Madaftari yetu yaliungua wakati wa Hali ya Hatari"

Mengine yaliungua kweli. Hali ya Hatari ilitangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952 kupambana na Mau Mau, na kuanzia 1954 watu walikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Makanisa yaliyokuwa mbali na kijiji yalibaki peke yake, mengine yakabomolewa, mengine yakahamia ndani ya kijiji na hayakurudi yalikokuwa. Ndiyo sababu makanisa mengi hayapo kwenye kiwanja chake cha kwanza, na ndiyo sababu nikienda mahali huomba nionyeshwe kiwanja cha zamani, hata kama sasa ni shamba la chai la mtu. Wapo Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, na wapo waliokula kiapo wakaendelea kuja ibadani. Yote mawili yalitokea, mara nyingine katika nyumba moja. Ubatizo haukukoma.

Lakini mara nyingi zaidi daftari halikuungua. Liko kwa mke wa karani. Karani alikuwa akiandikia nyumbani, akafariki, akazikwa kwa heshima zote, na hakuna aliyerudi kuuliza vitabu. Kabla ya kuandika neno "yaliungua", nendeni kwenye nyumba za makarani wote waliotangulia, mkianza na wa zamani zaidi. Mkiyapata msiyatie plastiki ya moto, wala msibandike seloteipu. Baada ya miaka michache seloteipu huondoka na wino. Pigeni picha kila ukurasa, hata ulio mtupu, kisha muyaweke kwenye boksi kavu. Nakala ya picha ipelekeni kwenye kumbukumbu za kanisa Nairobi. Na kama kituo chenu kiko kwenye jarida la misheni la Kikuyu News, lililoanza 1908, au kwenye karatasi zilizoko Maktaba ya Taifa ya Scotland, hilo ni la mwisho kutafuta, si la kwanza. Aliye mbali aliandika kile alichotaka wafadhili wasome.

Ile kamati ya nne, ya mwezi uliopita, niliilazimisha ifanye hivyo. Tulienda kwa mjane wa karani wa pili, mama wa miaka zaidi ya 80, akatukalisha, akatupa chai, akaingia chumbani. Alirudi na sanduku la bati. Ndani, chini ya vyeti vya shule vya watoto wake, palikuwa na daftari lililofungwa kwa leso. Si la sesheni. Lilikuwa la shule ya tawi, la kabla ya wazee, limeandikwa kwa penseli. Majina ya wanafunzi, na mbele ya kila jina alicholeta: kuku, mayai 6, mzigo wa kuni, "bado". Juu ya ukurasa, jina la mwalimu, ambalo hakuna mtu kwenye kamati aliyewahi kulisikia, isipokuwa yule mama. "Huyo alikuwa mjomba wa mama yangu," alisema. "Alifundisha hapo mpaka akazeeka."

Mwenyekiti akaupiga picha ukurasa ule mara 5 kwa kuogopa mkono kutetemeka. Tulipotoka nje akanivuta kando, akaitoa ile orodha yake mfukoni, akaikunjua.

"Sasa huyu mwalimu," akaniuliza, "tunamweka namba ngapi kwa wachungaji?"